Mwenye Haraka ya Kufika Kwao Naye Alindwe

Kila mvua kubwa inaponyesha Kenya na gari likasombwa na maji, maneno huwa ni yale yale. Dereva alikuwa na kiherehere. Angengoja kukuche. Haraka haraka haina baraka. Nimeyasikia Nairobi ndani ya matatu, na nimeyasikia Minnesota, Marekani, sisi Wakenya tukiwa tumekusanyika Jumapili kwa chapati na kuku huku simu ikizunguka mkono kwa mkono na video za mafuriko.

Mimi nayapinga. Nimeishi ughaibuni muda wa kutosha kumjua mtu aliye safarini kwenda kwao, na mtu huyo hangoji. Mama anaumwa, shule zinafunguliwa kesho, kuna maiti ya kuzikwa, likizo inaisha Jumapili na tiketi ya ndege haibadiliki. Atawasha gari. Nchi inayolijua hilo huipanga barabara kwa kumfikiria yeye, mwenye haraka, na wala si mtu mtulivu aliyesoma taarifa ya hali ya hewa asubuhi akaahirisha safari yake.

Ninakoishi, karibu na Minneapolis, theluji huua. Mwaka mmoja rafiki yetu aliyeko Fargo alifiwa na baba yake kule nyumbani Kenya, na jioni nilipotoka zamu yangu ya uuguzi tukaamua papo hapo kwenda kumpa pole. Ni kama kilomita 380 kwa barabara kuu ya I-94, safari isiyopishana sana na ya Kisumu kuja Nairobi. Upepo ulikuwa umeanza kuzoa theluji kutoka mashambani na kuitandaza njiani, hata hujui lami inaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Tulipofika Fergus Falls tukakuta lango. Nasema lango la chuma hasa, lenye taa nyekundu, limelazwa kukatiza barabara, na gari la askari limeegeshwa kando. Kila gari likaelekezwa mjini. Sheria ya Minnesota inasema anayelipita lango lililofungwa anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000 au kufungwa hadi siku 90. Tukalala motelini. Asubuhi magari ya kukwangua theluji yakapita, chumvi ikamwagwa, lango likainuliwa, tukafika kwa mfiwa tukakuta watu bado wako kwenye tenzi.

Hakuna aliyetubembeleza na hakuna aliyetutukana. Mtu aliyejenga lile lango alijua kwamba tutakuja, tukiwa na majonzi na haraka zetu, na akahakikisha hatupiti.

Sasa nije nyumbani. Aprili 2024 nilikuwa kwenye likizo, na Aprili ile hakuna Mkenya aliyeisahau. Kufikia mapema Mei zaidi ya watu 200 walikuwa wamepoteza maisha nchini kwa mafuriko na maporomoko. Nilikuwa Kisumu kwa dada yangu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 maji yaliwatoa watu nyumbani mwao Mathare, jijini Nairobi, na asubuhi mama akapiga simu kutoka South C, huko huko Nairobi, kwamba kwa jirani yameshaingia na kwake yamefika kwenye ngazi ya nje. Aliongea polepole, bila kulalamika. Mama yangu akiongea hivyo ndipo huwa anaogopa zaidi. Nilijaribu kukaa na kutulia, nikashindwa. Saa kumi na moja jioni nikamwambia mpwa wangu achukue koti, tunaondoka.

Ahero na Awasi tulipita vizuri. Kericho tukapokelewa na mvua ya mawe, ambayo kwa watu wa milima ile ya chai si habari, lakini usiku ilipiga bati la gari mpaka tukawa hatusikizani. Baada ya Mau Summit mvua ikawa maji matupu. Waipa zilikuwa zinaenda kasi yake yote na bado nikawa naona taa nyekundu mbili tu za lori lililo mbele. Malori yaliyokuwa yanakuja yakaanza kutuwashia taa moja baada ya jingine. Lile la mbele yetu likawasha indiketa ya kulia na kuiacha iwake.

"Auntie, anasema usimpite," mpwa wangu akaniambia.

Aliyeendesha gari Kenya anaijua lugha hiyo. Kulia ni hatari, kushoto ni pita. Haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha kufundishia udereva nilichokiona, lakini imeokoa watu wengi kuliko mabango. Mbele kidogo tukakuta matawi yametupwa kwenye lami, kisha mwanamume mwenye tochi, amejifunika karatasi ya nailoni kichwani.

"Madam, zima gari. Maji imebeba ukingo."

Alikuwa amepanga mawe mawili mwanzo wa pale maji yalipokuwa yanavuka barabara. La kwanza lilikuwa limeshazama. La pili, kubwa zaidi, lilikuwa bado linaonekana kichwa. Akatueleza kwa utaratibu wake: yakionekana yote mawili, gari ndogo itapita. Likionekana moja, malori peke yake. Yakizama yote, mtu asiguse usukani. Nilimtazama akienda na kurudi kumulika mawe yake kila baada ya dakika chache. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wanafundisha kwamba maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 30 yanaweza kulichukua gari dogo, na yakifika 60 yanabeba magari mengi, hata yale makubwa tunayoyaamini. Sijui jamaa yule aliwahi kuambiwa vipimo hivyo na nani, ila jiwe lake la pili lilifika karibu na nusu ya gurudumu langu, na alikuwa amelichagua mwenyewe.

Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili. Mama mmoja mwenye kibanda akaleta chai ya thamosi, akawa anapitisha vikombe madirishani. Madereva wa malori wakawa wanapigiana simu na wenzao walioko Salgaa na Nakuru kuuliza mbele kukoje. Jiwe la kwanza lilipojitokeza, jamaa wa tochi akatupitisha, gari moja moja. Nilimpa mia mbili, akapokea kwa mikono miwili na kurudi kazini kwake. Kilikuwa kituo cha tahadhari kamili, chenye mlinzi, kipimo, mawasiliano na chai, na hakuna senti ya serikali iliyokuwa ndani yake.

Naivasha kijana wa petroli alituonya tusishuke Mai Mahiu, tupite juu Kinungi, kwa kuwa aliambiwa mawe yanaporomoka kwenye mteremko. Tukapita juu. Huko kulikuwa na ukungu wa Kimende ambao kila mtu anaujua, na tulitambaa nyuma ya pikapu ya kabichi hadi karibu na Limuru. South C tulifika alfajiri. Mama alikuwa amesimama mlangoni na gambuti miguuni, maji yameanza kurudi nyuma.

Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 29, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasua na kushuka juu ya watu Mai Mahiu. Mtaro uliopita chini ya reli ulikuwa umezibwa na takataka na udongo. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa vitandani. Hao hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Ndiyo maana habari ya kiherehere hainiingii akilini: anayesafiri anaambiwa angekaa nyumbani, na aliyekaa nyumbani mauti yakamfuata huko huko.

Wako wenzangu wa ughaibuni ambao husimulia visa kama changu cha barabarani ili kuonyesha kwamba kwetu kuna utu na huku hakuna. Nakubali nusu. Ni kweli usiku ule wa Fergus Falls hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi wala nimefiwa na nani. Mhudumu alinipa ufunguo na kurudi kwenye televisheni yake. Na hata mifumo ya huku huchelewa. Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliipiga Buffalo, jimbo la New York. Amri ya kukataza magari ilitoka asubuhi dhoruba ikiwa imeshaingia na watu wameshatoka majumbani. Zaidi ya watu 40 walikufa katika wilaya ile, wengine wakiwa ndani ya magari yao, katika nchi yenye kila chombo unachoweza kukifikiria.

Lakini nusu ya pili siikubali hata kidogo. Utu wetu tumeufanya ushike nafasi ya bajeti ya serikali. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa linawapeleka wanakwaya harusini lilizama mto Enziu, kule Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Walipiga kelele, waliingia majini kuokoa, walifanya yote ambayo binadamu mwema anaweza kuyafanya. Hakukuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia dereva "hapa hupiti" na akatii. Aprili ile ya 2024 basi jingine likasombwa barabara ya Garissa, na abiria wake wakaokolewa, nami nikamshukuru Mungu. Sitaki kushukuru hivyo kila msimu.

Na kinachoniuma ni kwamba vifaa vya kufunga barabara tunavyo tayari. Usiku ule wa kutoka Kisumu tulisimamishwa na askari zaidi ya mara moja. Misumari imetandazwa, tochi usoni, leseni, bima, fungua buti. Kizuizi kimoja kilikuwa kabla tu ya yale maji. Askari akanirudishia leseni na kuniambia safari njema. Sidhani alinyamaza kwa ubaya. Nadhani hakuna aliyemwambia. Ofisi za Idara ya Hali ya Hewa ziko Dagoretti Corner, zilikuwa zimetabiri mvua kupita kawaida msimu ule, na tahadhari zilisomwa redioni. Kutoka Dagoretti Corner hadi kwa yule askari aliyelowa, habari ilipotelea njiani. Jamaa wa mawe mawili alikuwa hatua chache mbele yake na hawakuwa na namba za simu za kila mmoja.

Hatuhitaji kungoja tuwe Marekani ndipo tulifanye hili. Askari wa kizuizi apewe ujumbe wa hali ya hewa kila saa mbili na amri ya kugeuza magari. Wenye mawe na tochi watambuliwe: kila daraja na kila bonde linalojulikana kwa kufurika lina watu wake wanaolijua, wapewe makoti, redio ya mawasiliano na malipo ya msimu wa mvua. Nguzo za kupimia kina zipakwe rangi na kusimamishwa pale jiwe lilipokuwa. Gharama ya mambo hayo haifiki hata kipande kifupi cha lami.

Tena huu ndio wakati wake. Novemba 2025 ulizinduliwa ujenzi wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ile ile tuliyopita usiku ule, pamoja na ile ya kushukia Mai Mahiu hadi Naivasha, na tumeshaambiwa kwamba tutailipia tukipita. Kwa hiyo vituo vya malipo vitajengwa. Kituo cha kawaida cha malipo huwa na kizuizi cha kuinua na kushusha, taa, kamera na mtu kwenye kibanda mchana na usiku. Hilo ndilo lango la Fergus Falls, litakalojengwa kwa pesa zetu. Nataka mkataba useme wazi kwamba mvua ikizidi kiwango fulani, au ukungu wa Kimende ukifunga, kizuizi kile kinabaki chini hata kama dereva ameshika pesa mkononi, na kwamba kampuni inayokusanya ada haina ruhusa ya kukiinua kwa sababu ya hasara. Nataka kuwe na mahali pa kuegesha na choo, maana mwenye haraka ukimzuia bila kumpa pa kukaa atatafuta njia ya panya. Na yule mama wa chai apewe nafasi ya kibanda hapo hapo kituoni.

Nimeanza kumwandikia mbunge wa kwetu kuhusu jambo hili, na wenzangu kadhaa wa Minnesota wameahidi kuwaandikia wa kwao. Mvua za vuli huanza Oktoba, na Desemba nusu ya Nairobi itakuwa kwenye barabara hiyo.