Tarehe Saba, Mwezi wa Saba, Barabara ya Kilwa

Mwaka 2018 ulipoanza nilikuwa mkaguzi wa hesabu mpya kabisa katika kampuni moja ya Dar es Salaam, na mchumba wangu alikuwa daktari aliye katikati ya mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya jiji hilo hilo. Mahari ilikwisha kupokelewa, wazee walikwisha kunywa soda na kushikana mikono, na kilichobaki, kwa maneno ya mjomba wangu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, kilikuwa "kitu kidogo tu, kutaja tarehe". Kitu hicho kidogo kilitumalizia vikao vingi kuliko bajeti ya chakula, na aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi anajua kwamba bajeti ya chakula peke yake inatosha kuvunja udugu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kazi yangu. Makampuni mengi hufunga mwaka wao wa hesabu Desemba 31, kwa hiyo kuanzia Januari hadi Aprili mkaguzi mchanga hana Jumamosi, hana Jumapili, na akiwa nayo huitumia kulala. Wiki yangu ya kwanza kazini niliipitisha ndani ya ghala la mteja nikihesabu mifuko ya saruji, nikarudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe kiasi kwamba mama mwenye nyumba, aliyenikuta gizani kwenye korido, aliniamkia shikamoo. Mambo yakipoa kidogo mwezi wa Mei, hurudi kupamba moto Juni, kwa sababu makampuni yaliyofunga hesabu Desemba yanatakiwa kuwasilisha ritani za kodi ndani ya miezi 6, yaani mwisho wake ni Juni 30. Juu ya hayo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi likizo ya malipo mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi 6 kazini. Niliisoma sheria hiyo usiku mmoja kwa matumaini makubwa, nikakuta imemkumbuka anayepata mtoto, anayeuguliwa na mtoto na anayefiwa, lakini anayeoa haikumtaja popote. Kwa mujibu wa sheria za kazi, harusi ni starehe binafsi.

Kwa upande wa mchumba wangu hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mimi angalau nilijua lini sitakuwa na nafasi. Yeye alikuwa akizungushwa katika idara, miezi kadhaa magonjwa ya ndani, kisha upasuaji, kisha watoto, kisha wazazi, na ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani siku chache tu kabla ya kuanza kutumika. Ukimuuliza kama Jumamosi ya tarehe fulani atakuwa huru, alikutazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mahindi ya mwaka kesho kutwa.

Basi kamati ikakaa. Shangazi yangu, mwenye moyo wa mahaba tangu ujana wake, alipendekeza Februari 14, siku ya wapendanao. Tulipompelekea paroko wazo hilo alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatukumbusha kwamba mwaka ule Februari 14 ilikuwa Jumatano ya Majivu, na kwamba kama tunataka kupakwa majivu vipajini tuje wote, lakini ndoa hafungishi. Kwaresima ikatuchukulia nafasi hadi Pasaka, Aprili mosi. Baada ya Pasaka ikaja masika, na baba mkwe, ambaye alikuwa asafiri kutoka Moshi na ukoo wake mzima, alisema hawezi kuwaleta wazee wa Kichaga kuja kuvuka bonde la Jangwani lililofurika kwa mtumbwi. Katikati ya Mei ukaanza Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, na mweka hazina wetu, jirani Mwislamu ambaye ndiye pekee aliyeweza kudai michango bila kuona haya, alituambia kwa upole kwamba hatuwezi kualika nusu ya mtaa kuja kututazama tukila. Mtu mmoja akataja Desemba. Watu wa Moshi wakafurahi, kwa kuwa Desemba kila Mchaga hurudi nyumbani hata asipoitwa, lakini bosi wangu alikwisha kunidokeza kwamba Desemba ni mwezi wa kujiandaa na Januari, na Januari tunaifahamu.

Ufumbuzi ulitoka kwa mweka hazina. Alisimama, akaiendea kalenda iliyotundikwa ukutani sebuleni kwa mjomba, akafunua hadi Julai, akaweka kidole kwenye tarehe 7. Ilikuwa Jumamosi. Ilikuwa imechapwa kwa wino mwekundu, maana yake sikukuu, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kuombwa ruhusa. Ramadhani imekwisha, mvua zimekata, ritani za kodi zimekwisha kuwasilishwa wiki moja kabla, na mimi nimetimiza miezi yangu 6 kazini. Shangazi alipiga vigelegele. Mjomba alisema tarehe saba mwezi wa saba haisahauliki, hata mwanamume mlevi atakumbuka siku aliyooa. Katika chumba kile kilichojaa watu wazima wenye akili zao, walimu, wahasibu, fundi umeme na katekista mstaafu, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini tarehe ile ilikuwa nyekundu.

Nisiseme uongo, mmoja alijaribu. Mdogo wangu, aliyeletwa kikaoni ili agawe soda, alinyoosha kidole akasema, "Mjomba, siku hiyo kuna Kombe la Dunia." Mjomba akamtazama kwa huruma, akamuuliza Tanzania inacheza na nani. Watu wakacheka, kijana akarudi kwenye kreti lake la soda, ajenda ikafungwa.

Ugumu wa kwanza wa sikukuu ulijitokeza hospitalini. Sikukuu ambayo kwa watu wengine ni mapumziko, kwa madaktari wa mafunzo ndiyo siku inayowindwa na kila mtu, kwa hiyo ratiba ilipobandikwa mchumba wangu alijikuta amepangiwa zamu tarehe 7 mchana kutwa. Kwa bahati alikuwa na akiba. Mwezi uliotangulia alikuwa amemshikia mwenzake Mwislamu zamu ya Idi, na sasa alidai deni lake. Mwenzake alilipa bila manung'uniko, kwa sharti moja tu, kwamba kama kuna jambo halieleweki kwenye mafaili ya wagonjwa, atapiga simu.

Ndoa yenyewe ilifungwa saa 8 mchana katika kanisa lililo upande wa mjini, na ilifungwa vizuri, sina la kuongeza. Saa 10 tukapanda magari kuelekea ukumbini Mbagala, tulikokodi ukumbi kwa kuwa bei yake ilikuwa ya kibinadamu. Kati ya mjini na Mbagala kuna Barabara ya Kilwa, na kando ya Barabara ya Kilwa kuna Viwanja vya Mwalimu Nyerere, ambako kila mwaka hufanyika Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ambayo wananchi wote huyaita Sabasaba, kwa sababu siku yake kuu ni tarehe saba mwezi wa saba. Tarehe hiyo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, na tulifundishwa hivyo tangu shule ya msingi. Kila mjumbe wa kamati aliwahi kwenda Sabasaba. Mweka hazina alikuwa na ndoo ya plastiki aliyoinunua huko.

Msafara wetu ulisimama karibu na lango la viwanja na haukusogea tena kwa muda ambao sikuthubutu kuupima. Mbele yetu ilikuwa pikapu ya matarumbeta, na wale vijana, ambao walilipwa wapige mpaka ukumbini, walikuwa waaminifu wakaendelea kupiga. Umati uliokuwa ukitoka maoneshoni na mabeseni, magodoro yaliyoviringishwa na watoto walioshika maputo ulidhani ni burudani ya bure, ukatuzunguka na kuanza kucheza. Mama mmoja aliyebeba jagi la umeme kwenye boksi aliinama dirishani, akaishika shela ya mke wangu kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitenge dukani, akauliza kwa adabu, "Samahani dada, banda lenu ni namba ngapi? Mnakodisha au mnauza?"

Kabla mke wangu hajajibu, simu yake ililia. Alikuwa mwenzake wa zamu. Basi, pale pale katikati ya foleni, tarumbeta likilia mbele na mama wa jagi bado ameshika shela, bibi harusi wangu aliziba sikio moja kwa shada la maua akaanza kutoa maelekezo ya dripu kwa sauti ya kufokea wodi nzima. Mama wa jagi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ana goti linamsumbua usiku. Mke wangu akamwandikia jina la dawa ya kuchua nyuma ya kadi ya mwaliko, naye akaondoka ameridhika, akiamini bila shaka kwamba lile lilikuwa banda la Wizara ya Afya.

Ilipofika saa 11 jioni dereva wetu aliwasha redio. Hapo ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu na kreti lake. Uingereza ilikuwa ikicheza na Sweden robo fainali, na nchi hii, ambayo haikuwa na timu kule Urusi, ina watu wanaoijua timu ya Uingereza kuliko wanavyowajua wajomba zao. Harry Maguire alipofunga kwa kichwa, dereva aliachia usukani akapiga honi, magari yote ya foleni yakaitikia, na umati ukadhani tumekwisha kupata mtoto.

Tulifika ukumbini saa 2 usiku. Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe na tepe za zambarau, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, amekaa juu ya meza na majani yake mdomoni, na bosi wangu amekaa peke yake meza ya mbele. Kadi ilisema saa 12 jioni, na yeye ni mkaguzi, alifika saa 12 jioni. Aliniambia, bila kicheko, kwamba ukumbi una viti 300 na wageni 11, na kwamba amewahesabu mara mbili kwa kuanzia pande tofauti.

Wageni hawakuwa mbali. Walikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye baa yenye skrini kubwa, wamevaa sare zetu za kitenge. Uingereza ilikwisha kushinda 2 kwa 0, na walipoona tumefika wengi walianza kuvuka kuja kwetu, tukawapokea kwa shangwe, tukaanza utambulisho wa ndugu, lakini saa 3 usiku wenyeji Urusi waliingia uwanjani na Croatia, na upande mzima wa wanaume ukayeyuka tena mmoja mmoja, kila mmoja akiwa amejishika tumbo au simu. Mshehereshaji wetu, ambaye namheshimu mpaka leo, aliona hawezi kupambana, akamtuma kijana wa vinywaji awe anamletea matokeo. Kuanzia hapo sherehe iliendeshwa hivi: "Mabibi na mabwana, Croatia wamesawazisha, sasa tunawaomba wazazi wa bibi harusi wasogee mbele."

Mchezo ukaingia muda wa nyongeza. Keki ilikatwa saa 5 usiku ili kuokoa ratiba, na mara tu mke wangu aliponitia kipande cha kwanza mdomoni, ng'ambo ya barabara ulilipuka mlio wa ajabu, Croatia wamepata la pili. Baba mkwe, mzee mtaratibu asiyefuata mpira, alidhani shangwe ile ni ya keki. Alisimama, akageukia dirishani, akapunga mkono kwa heshima.

Croatia walishinda kwa mikwaju ya penalti ikiwa imebaki dakika chache kabla ya saa 6, saa ambayo mkataba wetu na ukumbi ulikuwa unakwisha. Wageni wote waliingia kwa pamoja, wenye njaa, wenye zawadi na wenye hotuba. Meneja wa ukumbi alizima muziki saa 6 kamili, hivyo kabati, jiko la gesi na seti ya sufuria vililetwa mbele kwa kuimbiwa kwa midomo, huku bosi wangu akiandika orodha ya zawadi bila kuombwa na mtu.

Kikao cha kuvunja kamati kilipangwa Jumapili ya Julai 15. Safari hii mjomba alitafuta ratiba ya mpira kwanza, akagundua kwamba saa 12 jioni ya siku hiyo ni fainali, Ufaransa na Croatia, akakiitisha kikao kwenye baa ile ile ya Mbagala. Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, mahudhurio yalikuwa kamili. Mweka hazina alisoma taarifa ya mapato na matumizi wakati wa mapumziko, kwa dakika zisizozidi mbili, na ikapokelewa kwa makofi. Mimi niliona fungu la "mengineyo" limezidi fungu la keki, nikanyoosha mkono kutaka ufafanuzi, nikaambiwa nikae chini kwa sababu nawaziba, kipindi cha pili kimeanza.