Kidonge cha kamera na saratani ya koo la chakula Kilimanjaro

Mama yangu mkubwa, wa Rombo, alikataa kwa miezi mitano "kumeza mpira", yaani kupitishiwa mdomoni bomba laini lenye kamera la kutazama koo la chakula na mfuko wa chakula. Chakula kilianza kumkwama kifuani. Akaacha nyama akala ndizi laini, akaacha ndizi akabaki na uji. Kila tulipomsihi aende Moshi kupimwa, jibu lilikuwa lile lile: "Mwanangu, ule mpira utanimaliza." Kwa hiyo watu wanapokishangilia kidonge chenye kamera kinachoongozwa kwa sumaku, siwezi kuwabeza. Hofu wanayotaka kuiondoa nimeiona nyumbani kwetu.

Kidonge cha kamera chenyewe si kipya. Marekani ilikiruhusu mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26 hivi na unene wa 11. Unakimeza kwa maji, misuli ya utumbo inakisukuma, kinapiga maelfu ya picha kwa saa nane hivi, kisha kinatoka kwa haja kubwa. Kimekuwa msaada mkubwa kwenye utumbo mwembamba, ambako mpira wa kawaida haufiki. Kilishindwa kwenye mfuko wa chakula: ni mpana, kidonge kinabiringika humo ovyo na kuacha pembe nzima bila kuzitazama. Hapo ndipo sumaku ilipoletwa. Mgonjwa anakunywa maji mengi, mfuko unatanuka, na mkono wa mashine ulio nje ya mwili unakigeuza kidonge, unakiinua na kukirudisha pale daktari alipotilia shaka. Katika utafiti wa China wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 350, kidonge hicho kiliona takriban 90 kati ya kila 100 walioonekana na kasoro kwa mpira. Hakuna kuchomwa dawa ya usingizi, hakuna kukabwa koo. Mwaka 2020 Marekani nayo ikakipitisha hiki cha sumaku.

Ni kazi nzuri, nasema hivyo bila kusita. Lakini imebuniwa kwa ajili ya mfuko wa chakula, na huku kwetu ugonjwa unaotuumiza sana uko juu yake, kwenye koo la chakula. Kilimanjaro iko ndani ya ukanda wa Afrika Mashariki ambako saratani ya koo la chakula ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Watafiti waliopima chai ya watu wa mkoa huu, wakachapisha mwaka 2015, walikuta wengi wanaanza kuinywa ikiwa na nyuzi 70 hivi, na vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinadhaniwa kuchangia saratani hiyo. Kidonge hupita koo la chakula kwa sekunde chache tu. Na kwa mtu ambaye hata ndizi inamkwama, kinaweza kunasa, halafu kitatolewa na nini? Na ule ule mpira.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ni zito zaidi. Kidonge kinaona tu. Hakichukui kinyama cha kupeleka maabara, na bila kinyama hakuna daktari atakayeanza tiba ya saratani. Hakifungi mishipa inayovuja damu kwa mgonjwa wa kichocho au wa ini. Kikiona tatizo, mgonjwa anarudi kwenye mpira, safari hii akiwa amelipia vipimo viwili.

Watetezi wake husema kitawafaa walio mbali na wataalamu, kwa kuwa picha zinaweza kusomwa kokote. Kwa kidonge kisicho na sumaku, nakubali. Kwa hiki, kidonge ni kidogo ila mashine yake ni kubwa, itakaa mjini, na mtu wa Longido bado atapanda gari. Tena kidonge hutumika mara moja na kutupwa, wakati mpira husafishwa ukahudumia wengi.

Fedha hizo hizo, kama zipo, ningeziweka kwenye mipira ya ziada, mafunzo ya watumiaji wake, na dawa za ganzi na za usingizi zisizokatika.

Mama mkubwa alikubali siku muuguzi alipompa mpira aushike, akamweleza kuwa koo litapuliziwa ganzi na kwamba ni dakika chache. Kinyama kilichukuliwa siku hiyo hiyo. Majibu yalikuwa saratani, na tayari ilikuwa imesambaa.