Setilaiti na Ziwa Victoria: tuiamini kwa dhoruba, tuihoji kwa moshi

Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki. Saa hizohizo ndizo Ziwa Victoria hujenga dhoruba zake kali. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu ya ngurumo husimama juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, pepo za kutoka fukwe zote hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda na wingu hukua kwa kasi. Kipindi cha hatari zaidi ni kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka, kwa nchi zote tatu. Ni makadirio, si hesabu ya daftari, lakini hata nusu yake ingetosha kutunyima usingizi.

Kwa hiyo mjadala kuhusu setilaiti, yaani tuzitegemee kiasi gani katika kupima mawingu, vumbi, moshi na mionzi ya jua, unagusa maisha ya watu wa Igombe, Kayenze na Ukerewe, mkoani Mwanza. Wapo wanaoona kwamba picha za kutoka angani zimeshamaliza kazi, na fedha za vipimo vya ardhini zielekezwe kwingine. Wapo pia wanaosema chombo kilichotengenezwa Ulaya hakiwezi kulijua ziwa kuliko mzee aliyelivua miaka arobaini. Mimi nadhani kila upande una haki mahali fulani, ila mahali penyewe ni tofauti, na tukichanganya tutapoteza watu na fedha.

Tuanze na dhoruba, maana hapa hoja ya setilaiti ina nguvu sana. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Ukitoa visiwa, hakuna mahali katikati ya maji hayo pa kusimika kipimo cha mvua. Setilaiti ya Meteosat ya Ulaya imekaa juu ya ikweta, kilomita zipatazo 35,800 kutoka duniani, ikizunguka pamoja na dunia, hivyo hailiachi ziwa hata dakika moja. Kizazi chake cha pili hutoa picha kila dakika 15, na cha tatu, ambacho setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Desemba 2022, hutoa kila dakika 10 na kina chombo cha kunasa mimweko ya radi. Usiku hakihitaji mwanga wa jua: hupima mionzi ya joto inayotoka kileleni mwa wingu. Kilele kikiwa baridi zaidi, wingu limepanda juu zaidi, na pale hewa inapopanda kwa nguvu kupita kiasi hutokeza kinundu juu ya wingu. Kinundu hicho ni alama ya dhoruba mbaya.

Watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walihesabu alama hizo katika picha za miaka mingi. Mwaka 2016 walionyesha kwamba ukali wa dhoruba za usiku ziwani unahusiana na dhoruba zilizotangulia mchana kwenye nchi kavu, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba uhusiano huo unaweza kutumika kutoa tahadhari saa kadhaa kabla. Fikiria maana yake kwa mvuvi: jioni, kabla hajasukuma mtumbwi majini, tayari ipo dalili ya usiku utakavyokuwa. Mzee wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ambaye maarifa yake nayaheshimu kwa dhati, husoma upepo na mawingu ya upeo wake. Hawezi kusoma wingu linalojijenga gizani upande wa pili wa ziwa.

Kuna na suala la maji yenyewe. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, si maji ya mito. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kumeza mialo na nyumba za ufukweni, asiyejua mvua ya katikati ya ziwa asingeweza kueleza kilichotokea. Mvua hiyo kwa sehemu kubwa tunaijua kwa setilaiti tu.

Lakini wenye mashaka wana lao. Setilaiti ya aina ya Meteosat huona paa la wingu. Dhoruba ikikomaa hutandaza wingu la barafu linalofunika kila kilicho chini, na kwenye picha eneo kubwa huonekana baridi hata pale ambapo hakuna tone linaloanguka. Mawingu mafupi nayo huweza kunyesha vizuri huku setilaiti ikiyadharau. Upepo wa ghafla unaopindua mtumbwi hauonekani kabisa. Kwa hayo tunahitaji rada inayopenya ndani ya wingu, na Mwanza tunayo, ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Setilaiti ya EarthCARE, iliyorushwa na Ulaya na Japani tarehe 28 Mei 2024, nayo ina rada na mwanga wa leza wa kuchunguza wingu kwa tabaka, ila huona ukanda mwembamba tu na hurudi kwenye njia ileile baada ya siku 25. Ni hazina kwa sayansi. Haiwezi kumwonya mtu.

Kuhusu moshi na vumbi, nasimama na wenye mashaka. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, nyika na mashamba huchomwa, na moshi husafiri mbali. Masizi yaliyomo hunyonya mwanga wa jua na kupasha hewa joto, chembe nyingine huurudisha angani, na nyingine huwa viini vya matone ya mawingu. Vyombo vya MODIS, kwenye setilaiti za Terra ya 1999 na Aqua ya 2002, vimetupa kumbukumbu ndefu ya chembe hizo, na kwa kulinganisha miaka ni kumbukumbu ya thamani. Ila vyombo hivyo vinahitaji mchana na anga lisilo na wingu. Karibu na ufuko, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, hubeba mchanga, mawe, gugumaji na maji ya kijani yenye mwani, na hesabu huyumba. Zaidi ya yote, vinachopima ni jumla ya chembe kutoka ardhini hadi juu angani. Jumla hiyo haimwambii mama anayekaanga samaki kwa kuni kule Kirumba anavuta nini kifuani. Mbita, upande wa Kenya, kiliwekwa kifaa cha AERONET, mtandao wa vipimo vya chembe za hewani, cha kutazama jua kutoka chini na kusahihisha setilaiti. Ghuba ya Mwanza inastahili chake, pamoja na vipimo vya hewa mitaani.

Mionzi ya jua iko katikati. Kwa wastani wati 340 kwa kila mita ya mraba hufika juu ya anga la dunia, na takriban 100 hurudishwa, karibu nusu yake na mawingu. Usiku mawingu hayohayo huzuia joto kutoroka kama blanketi. Makadirio ya setilaiti ya jua la mwezi mzima yanamtosha anayepanga kufunga sola. Kwa anayeanika dagaa na kutaka kujua kama saa nane litatanda wingu, bado hayatoshi.

Basi fedha ziende wapi? Picha za Meteosat tayari huzifikia idara za hali ya hewa za Afrika. Kinachopungua ni huku chini: vipuri vya rada, mtaalamu wa zamu ya usiku, vipimo vya mvua visiwani, na ujumbe wa Kiswahili unaofika mwaloni kabla ya machweo. Mradi wa HIGHWAY wa tahadhari za hali ya hewa ziwani, uliotumia rada ya Mwanza katika kampeni ya vipimo mwaka 2019, ulionyesha kazi hii inawezekana. Miradi huisha, na bajeti ya taifa ndiyo inayopaswa kupokea.

Na tahadhari ina gharama. Mvuvi anayelipwa kwa alichovua akilala nyumbani kwa onyo ambalo halikutimia, amepoteza riziki ya usiku mzima, na safari ijayo hatasikiliza. Napendekeza kila mwalo ubandike ubao unaoonyesha, mwezi kwa mwezi, maonyo mangapi yalitolewa, mangapi yalitimia, na dhoruba ngapi zilikuja bila kutangazwa.