Grafu ya kwadratiki haina kitako bapa

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu hapa Manyatta, Kisumu, likizo iliyopita, daftari la hesabu likiwa limekunjwa kwapani. Yuko kidato cha tatu. "Shangazi, nimeunga nukta zote na bado nimewekewa kosa."

Nikaangalia. Grafu ni ya kwadratiki, yaani yenye x²: y = x² − 5x + 4. Jedwali lake safi kabisa: x kuanzia 0 hadi 5, na y ni 4, 0, −2, −2, 0, 4. Nukta sita, kila moja mahali pake. Lakini kati ya 2 na 3 alikuwa amepitisha rula, grafu ikakaa kitako bapa kama sufuria ya ugali.

Mimi simlaumu. Tumewazoesha watoto jedwali kabla ya kuwazoesha kuusoma mlinganyo wenyewe. Jaza, weka nukta, unga, chukua maksi. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nao hupenda kuleta jedwali lenye mapengo, basi darasani ndilo watu wanalokimbilia. (Na hilo jedwali lina mitego yake: andika −3² kwenye kikokotoo bila mabano, kitakupa −9, na grafu nzima imeharibika.)

Nilimwambia aweke penseli chini kwanza. x² − 5x + 4 ni sawa na (x − 1)(x − 4), kwa hiyo mhimili wa x unakatwa kwenye 1 na 4. Upande wa kushoto na wa kulia ni pacha. Sasa itageukia wapi?

"Katikati. Mbili na nusu."

Akaweka 2.5: 6.25 toa 12.5 ongeza 4, ikaja −2.25. Yaani robo nzima chini ya pale rula ilipopita. Jedwali lake halikuwa na 2.5, na hakuna aliyewahi kumwambia aitafute.

Kisha likaja lile swali lao: hii itanisaidia wapi? Nikampeleka uani. Jirani yangu anataka kuzungushia kuku waya wa mita 40, ukuta wa nyumba ukiwa upande wa nne. Karibu kila mtu humshauri atengeneze mraba. Tukiita kila ubavu unaotoka ukutani x, upande wa mbele unabaki 40 − 2x, na eneo ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x². Eneo hilo ni sifuri x ikiwa 0, ni sifuri tena x ikiwa 20. Katikati ni 10. Kumi kwa ishirini, mita za mraba 200. Ule mraba wa washauri hautafika hata 178.

Hiyo aliichora bila jedwali, mdomo ukiangalia chini kwa sababu ya ile −2 iliyo mbele ya x². Ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, lakini kileleni ilizunguka vizuri, juu ya 10.

Ningekuwa na mamlaka, wiki ya kwanza ya mada hii ingekuwa ya michoro ya mkono kama hiyo, jedwali lije baadaye. Rula ibaki na kazi zake: kuchora mihimili, na ule mstari wa mwisho wanaoambiwa wauchore ili kutatua mlinganyo mwingine.

Jirani, kwa taarifa yenu, bado hajanunua waya.