Halibut: stoki ikiwa moja haimaanishi samaki hawana kwao

Kuna watu kwenye mjadala wa halibut ambao kila siku wanachukuliwa kama wabishi wa sayansi, ni wale wanaosema samaki hawa wana makwao na wasihesabiwe tu kama bahari nzima ni kapu moja, yaani stoki moja, kundi la samaki linalohesabiwa na kusimamiwa kwa pamoja. Mimi naona hawajaeleweka. Halibut kwa asiyemjua ni samaki bapa wa maji baridi, yuko kundi moja na gayogayo wetu ila yeye ni jitu, jike la Atlantiki linaweza kupita mita mbili na kilo 300, na kwa vile anachelewa sana kuzaa, ukikosea hesabu yake leo utalipa miaka mingi.

Wanaosema stoki ni moja wana hoja nzito na siipingi. Pasifiki, majike yanataga msimu wa baridi kwenye kina kirefu, halafu mayai na vifaranga vinaelea kama miezi sita hivi vikibebwa na mkondo wa Alaska kwenda kaskazini na magharibi, vinatua kwenye maji mafupi ya Bahari ya Bering na magharibi mwa Ghuba ya Alaska, wakishakua kidogo wanaanza safari ya kurudi mashariki na kusini. Tume ya Marekani na Canada inayosimamia halibut wa Pasifiki iliundwa 1923 na imekuwa ikiwawekea tagi (alama ya kumtambua samaki akinaswa tena) tangu 1925, kuna mmoja aliwekewa tagi karibu na Atka kwenye visiwa vya Aleutian akaja kunaswa Coos Bay, Oregon, kama kilomita 4,000 hivi. Tagi za 2003 na 2004 zikaonyesha hata wakubwa wanahama kuliko ilivyodhaniwa, ndo maana kuanzia 2006 wataalamu wa tume wakaachana na hesabu ya kila eneo kivyake wakaanza kuipima pwani yote kwa pamoja. Na faida ipo: yule halibut mdogo anayenaswa kwenye nyavu za kukokota kule Bering bila kukusudiwa akatupwa amekufa, anakuwa hasara ya mpaka mvuvi wa British Columbia, Canada, maana pengine angefika huko.

Tatizo linaanza pale mtu akishasikia "stoki moja" anaongeza la kwake, kwamba ukimaliza samaki hapa watakuja wengine kutoka kule. Tagi hazijasema hivyo! Zile za setilaiti zilizowekwa kwa halibut wakubwa wa Ghuba ya Alaska zilionyesha wengi wanaondoka msimu wa baridi kwenda kutaga mbali, kisha kiangazi wanarudi kulekule walikokuwa wanakula mwaka uliopita. Yaani anasafiri kweli, ila ana kwake. Na hili la kwamba jeni zao zinafanana nalo linatumika vibaya sana, kwa sababu wakihama samaki wachache tu kila kizazi inatosha jeni zifanane bahari nzima, lakini hao wachache hawawezi kujaza mwamba uliovuliwa mpaka ukabaki mtupu. Jeni kufanana ni habari ya vizazi na vizazi, mvuvi anataka kujua miaka kumi ijayo atapata nini.

Upande wa Atlantiki ndo mambo yako wazi zaidi. Canada tangu miaka ya 1980 inawasimamia halibut wake kama stoki mbili, wa Ghuba ya St. Lawrence na wale wa nje kuanzia Scotian Shelf, maji ya nje ya Nova Scotia, mpaka kusini mwa Grand Banks, miinuko ya chini ya bahari karibu na Newfoundland. Baadaye tagi za setilaiti zikaonyesha wa ghuba wanabaki ghubani mwaka mzima, baridi ikiingia wanashuka kwenye mifereji yenye kina humohumo ndani, na utafiti wa jeni wa 2021 ukakuta kweli wanatofautiana na wa nje. Hakuna ukuta pale, maji ni yaleyale na mlango uko wazi.

Lakini kinachonikaa kichwani kuliko vyote ni Gloucester, Massachusetts. Miaka ya 1830 wavuvi wa pale walianza kwenda Georges Bank, mwamba mkubwa wa chini ya bahari mashariki mwa Massachusetts, kuvua halibut, na walikuwa wengi ajabu, ila ilipofika karibu 1850 biashara ile pale ilikuwa imeisha. Wakafanya nini? Wakasogea mbele, Grand Banks, wakaenda kina kirefu zaidi, mwisho meli za mji huohuo zikawa zinafuata halibut mpaka Greenland na Iceland. Fikiria hiyo safari kwa tanga na mishipi ya kuvuta kwa mkono, watu wanakufa njiani, kwa sababu samaki wa karibu na nyumbani hawakurudi! Kama ingekuwa kweli kwamba wa kule wanajaza pengo la huku, Georges ingejaa kabla hata babu zao hawajazeeka. Imepita zaidi ya miaka 170 na halibut wa upande wa Marekani hawajarudi kwenye hali ile, meli kwenye maji ya serikali kuu inaruhusiwa samaki mmoja tu kwa safari.

Wa stoki moja watajibu, na wana haki, kwamba kuna halibut waliowekewa tagi Maine wakanaswa Canada, kwa hiyo kuchanganyika kupo. Sawa, kupo. Ila mpaka wa bahari uliochorwa na mahakama ya Hague 1984 unapita katikati ya Georges Bank, Canada inahesabu kipande chake pamoja na stoki kubwa ya nje yenye kwota (kiasi kinachoruhusiwa kuvuliwa) ya maelfu ya tani, Marekani inahesabu chake kama sehemu ya stoki iliyochoka. Mwamba ni uleule. Hata Pasifiki wenyewe, pamoja na hesabu ya pwani nzima, kwota bado zinagawanywa kwa maeneo, na mwaka 2018 nchi mbili zilishindwa kabisa kukubaliana kwenye mkutano wa tume, ugomvi mkubwa ukiwa nani apate kiasi gani. Mimi ningetaka hali ya Georges ionyeshwe peke yake kwenye ripoti za nchi zote mbili, tena kwa kuwatenga wakubwa na wadogo, kabla kwota ya upande wa Canada haijapandishwa kwa sababu tu eti stoki yote kwa ujumla iko vizuri.