Wakili kurudishwa darasani kila mwaka: pointi anapata, na ilimu je?

Desemba ilopita mimi, karani wa ofisi ya wakili hapa Malindi, niliketi masaa matatu mbele ya laptop ya ofisi nikisikiza semina ya mawakili, na jina lililokuwa kwenye skrini si langu, ni la bosi. Yeye alikuwa kortini. Kabla hajatoka aliniambia, "Mwanangu niwashie hiyo Zoom, wakiulizia waliohudhuria andika nipo." Basi nikaandika nipo. Mada ilikuwa ni vile makampuni makubwa yanavyoungana, vibali vyake na ushuru wake, na mimi huku nna sahani ya viazi karai na ukwaju, na nje kwenye benchi kuna mzee kutoka Matondoni ametoka Lamu alfajiri na basi, karatasi zake za shamba kazitia kwenye mfuko wa nailoni, ile iliyopigwa marufuku 2017 lakini yeye wake kautunza kama hati yenyewe. Masaa matatu yakaisha, bosi akapata pointi zake, mimi nikapata ilimu ya kuunganisha makampuni. Mzee wa Matondoni akaambiwa arudi kesho.

Nayaleta haya manake huu mjadala hauishi kwenye maofisi ya mawakili huku kwetu, kila mwaka unapoelekea mwisho utausikia. Kwa asiyejua, wakili Kenya hana leseni ya maisha. Kila mwaka anaomba upya cheti cha kufanya kazi, na ili akipate kanuni za mwaka 2014 za mafunzo endelevu zinamtaka awe na pointi tano za mwaka huo, pointi anazozipata kwa kuhudhuria semina za chama chao, Law Society of Kenya (LSK), ama za watu walokubaliwa na chama. Kabla ya hapo kulikuwa na kanuni nyingine, si kitu cha jana. Huna pointi, cheti chako kiko mashakani, na bila cheti huruhusiwi kusimama mbele ya hakimu ukajiita wakili.

Sasa kuna mawakili, hasa wale wazee wetu wa miaka thelathini kortini, ukiwatajia hizi semina wanacheka kwa uchungu. Mmoja aliwahi kunambia yeye alisomea sheria, akakaa Kenya School of Law, akaapishwa, na kila kesi anayoisimamia ni darasa, sasa kijana wa jana amfunze nini kwa pawapointi? Na si maneno ya kiburi tu. Wakili anayeendesha kesi tatu za ardhi kwa mwezi anasoma zaidi ya mtu aliyekaa ukumbini mwa hoteli akingoja chai ya saa nne. Alafu pesa, semina si bure, na kabla ya Korona kuleta mambo ya Zoom wakili wa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, akitaka kuhudhuria Mombasa ilikuwa ni boti mpaka Mokowe upande wa bara, basi kupitia Witu na Garsen, nusu siku imekwenda, malazi, chakula, na siku mbili ofisi imefungwa. Wa Nairobi alikuwa anapanda lifti tu. Wengine husema wazi kuwa chama chenyewe kinakula hapo, na chama chochote kinachotoza ada ya kitu cha lazima kisishangae watu wakisema hivo.

Hata nje huko hawajakubaliana. Marekani majimbo ya Minnesota na Iowa yalianza kulazimisha mawakili mwaka 1975, leo majimbo mengi sana yanalazimisha, California wanataka masaa 25 kila miaka mitatu, lakini Michigan hawalazimishi na korti zao zinaendelea kama kawaida. Uingereza ndo wamenishangaza, masolisita, yaani mawakili wao, walikuwa na masaa yao 16 kwa mwaka, ikafika Novemba 2016 wakayaondoa kabisa, wakasema wakili mwenyewe ajipime wapi ana upungufu aende akajifunze, kisha kila mwaka atangaze kwamba amefanya hivyo. Yaani waliokuwa wakihesabu masaa wakaona kuhesabu masaa hakusaidii.

Ukiishia hapo utasema basi zifutwe. Lakini mimi siko huko, na sababu yangu naitoa hapa hapa Malindi.

Mnakumbuka lile sakata la mahakimu na kesi za ardhi? Bunge lilipitisha sheria 2015 kuwapa mahakimu uwezo wa kusikiza kesi za ardhi na mazingira, badala ya kila kitu kupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mawakili wa hapa kwetu, Malindi Law Society, wakaenda kortini kupinga, na 2016 Mahakama Kuu hapa Malindi ikakubaliana nao, mahakimu hawana uwezo huo. Sasa fikiria mtu wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, ana ugomvi wa mpaka wa shamba na nduguye, hakimu wa Lamu anamwambia siwezi kuisikiza, kwa hiyo mtu wa Faza boti mpaka Amu, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, kwa kila tarehe ya kutajwa kesi, na kesi za ardhi mnazijua zinavyotajwa. Alafu 2017 Mahakama ya Rufaa ikapindua, mahakimu wakarudishiwa uwezo wao. Mwaka mmoja tu sheria imekwenda mbele imerudi nyuma. Mimi nilikuwa nashika mafaili wakati huo, na nilimuona wakili miezi kadhaa baada ya hukumu ya rufaa bado anawaambia wateja wa Lamu kesi lazima ije Malindi. Hakuwa mwizi wala mjinga, hakuwa amesikia tu. Mteja ndo aliyelipa nauli.

Huo uzoefu wa miaka thelathini unaosifiwa, hapo ulimsaidia nini? Tena ndo uliompoteza manake alikuwa na uhakika.

Na mambo yamezidi kwenda kasi. Sheria ya kulinda data ni ya 2019, na sisi maofisini tuna makopi ya vitambulisho vya watu yamejaa makabati. Miaka ya karibuni sheria ya utakatishaji wa pesa ikarekebishwa, mawakili wakaingizwa kwenye orodha ya wanaotakiwa kuripoti miamala yenye shaka, na huku Malindi na Lamu ambako mgeni anakuja ananunua nyumba ya mawe ama plot ya ufuoni, hilo si jambo la Nairobi tu. Kufaili kesi kwa mtandao kumesambazwa korti zote nchini 2024. Mirathi nayo, Mahakama ya Juu 2025 imetoa hukumu kuhusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa na urithi wa baba Muislamu, hukumu ambayo mitaani Langoni na Mkomani huko Amu imezungumzwa mpaka kahawa ikapoa, kuna wanaoipinga kwa dini na wanaoiunga kwa katiba, lakini wakili anayesimamia mirathi pwani hii hana ruhusa ya kutoijua. Na mazingira, jamani, kesi ya bandari ya Lamu ambapo 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni moja na milioni mia saba, kisha 2019 leseni ya mazingira ya mradi wa makaa ya mawe huko huko Lamu ikafutwa na tribunali ya mazingira. Kijana aliyemaliza chuo 1995 haya hakufunzwa.

Kwa hiyo kusoma lazima, hilo kwangu limekwisha. Pale ninapogombana na mfumo ni kwenye kipimo. Pointi inampima wakili kama alikuwepo, haipimi kama ameelewa, na mimi ni shahidi kwamba hata huko kuwepo kwenyewe hakupimwi sawasawa, nilikuwepo mimi. Yule anayetaka kusoma atasoma na pointi au bila pointi, yule asiyetaka atamkalisha karani na viazi karai. Kisha yule wa kwanza anatozwa pesa kwa sababu ya yule wa pili.

Watetezi watasema, na nimeshawasikia, kwamba bora hicho kidogo kuliko sifuri, na hata aliyelazimishwa kuketi huenda likamuingia moja. Kweli kiasi. Mimi mwenyewe sikupenda lakini ile habari ya vibali niliishika. Na kuna faida moja hawaitaji sana: semina za ana kwa ana ndo mahali wakili anayefanya kazi peke yake Lamu, asiye na mwenzake wa kumuuliza, anakutana na wenziwe na kuuliza wakati wa chai lile swali aliloona haya kuliuliza ukumbini. Zoom imepunguza nauli lakini hicho imekiua.

Na adhabu nayo inataka kuangaliwa. Wakili akikosa cheti, anayeumia kwanza ni nani? Zamani benki na wateja walikuwa wanakuta hati zao zinapigwa vita kortini kwa sababu wakili aliyeziandaa hakuwa na cheti cha mwaka ule, mpaka Mahakama ya Juu 2015, kwenye kesi ya National Bank na Anaj Warehousing, ikasema hati haiwi batili kwa sababu hiyo peke yake. Afueni kubwa. Lakini haikusaidii wewe ambaye wakili wako anatakiwa asimame kortini Jumatatu na hawezi. LSK wana ukurasa wa kutafuta jina la wakili uone kama yuko aktivu mwaka huu, dakika moja tu kwa simu, na watu wetu wengi hawautumii, wanamuona mtu ana koti jeusi wanatoa amana.

Ningeulizwa mimi karani, ambaye siulizwi, ningesema pointi zipunguzwe lakini kila moja iwe na mtihani mfupi wa maswali kumi, yajibiwe papo kwa papo. Na katika hizo, mbili zitokane na kazi ya mahali wakili alipo: huku ardhi zenye barua za kugawiwa bila hati miliki, mirathi kwa kadhi, fidia ya miradi. Mambo ya kuunganisha makampuni wapewe wenye makampuni. Najua mtihani hautapendwa, bosi wangu nilipomtajia alivua miwani akaniangalia kama nimemtukana.

Mzee wa Matondoni alirudi kesho yake kama alivyoambiwa, na swali lake lilikuwa hilo hilo, kesi yake aifungue Lamu au aje Malindi. Jibu lilichukua dakika tano, ni Lamu, kwa hakimu, thamani ya shamba lake haifiki kokote karibu na kikomo cha kesi anazoruhusiwa hakimu kusikiza. Alilala kwa mpwawe Shella hii ya Malindi kungoja dakika tano. Anakuja tena wiki hii kuweka sahihi hati ya kiapo, Ijumaa baada ya sala, saa nane. Na jana usiku bosi kanitumia linki, semina ya maadili ya uwakili, Ijumaa hiyo hiyo, saa nane.