Kihamba nacho kinahitaji bwana miti

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi hapa Moshi huniuliza swali lile lile. Mtoto alisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), moyo wake ulikuwa kwenye udaktari, ushindani umekuwa mkali, sasa amechaguliwa kusoma Misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Aende, au akae nyumbani ajaribu tena mwakani? Mimi husema aende, tena kifua mbele. Nimeisoma kozi hiyo na ndiyo inayoniweka mjini mpaka leo. Ila huwa naongeza neno: asiende akidhani anasomea kulinda msitu wa serikali tu. Miti inayomgusa mtu wa Kibosho, Marangu, Machame au Arumeru tangu asubuhi mpaka jioni haimo ndani ya mipaka ya hifadhi. Imo kihambani kwake, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na huko bwana miti haonekani.

Watu wengi wanadhani Misitu ni kozi ya kupanda miche na kuvaa magwanda. Mwanafunzi anayekuja na dhana hiyo hushtuka muhula wa kwanza. Kuna takwimu, kuna kemia ya udongo, kuna uchumi, kuna ramani za satelaiti, kuna sheria, kuna wadudu na magonjwa. Na kuna kupima. Kupima mti ndiyo alfabeti ya fani hii, na kwetu huku kaskazini kuna mahali pake: Olmotonyi, nje kidogo ya Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Chuo cha Misitu cha hapo kimekuwepo tangu mwaka 1937, kikitoa cheti na diploma, na SUA nao wana msitu wao wa mafunzo huko huko, ndiyo maana wanafunzi wa shahada husafiri kutoka Morogoro kuja kwenye baridi ya Meru kwa mafunzo ya vitendo. Unafunga tepu kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na ukiwa kwenye mteremko unasimama upande wa juu, la sivyo vipimo vyako vyote vitapishana na vya wenzako. Unapata kipenyo, unapata urefu, unakokotoa ujazo. Unarudia mti kwa mti mpaka jicho lenyewe linaanza kukisia vizuri kabla ya tepu.

Nayasema haya kwa mapenzi, maana Olmotonyi ilinijenga. Lakini misaiprasi na mipaini ya pale imepandwa kwa mistari, umri mmoja, aina moja, mwenye mali mmoja. Ukimchukua kijana aliyezoea mistari hiyo ukamweka katikati ya kihamba cha Uru, anatafuta mstari haoni. Juu kabisa kuna mfuruanje uliotandaza matawi, kivuli chake chepesi kinaipa kahawa jua la kiasi na mizizi yake inaongeza naitrojeni ardhini. Pembeni kuna mringaringa wa mbao na mizinga ya nyuki, kuna msesewe ambao gome lake linaingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kuna mgrivea uliotoka Australia ukajifanya mwenyeji. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeufanyia utafiti mlima huu kwa miaka mingi, alikuta vihamba vya Kilimanjaro vina aina zaidi ya 500 za mimea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Huu ni msitu, jamani. Ni msitu uliotunzwa na mababu bila kibao cha hifadhi wala mlinzi getini.

Sasa nani anaupima? Nani anamshauri mwenye nao?

Nilipita Kibosho kwa mzee mmoja aliyekuwa anataka kuuza mgrivea apate ada ya mjukuu. Baada ya shikamoo na kukaribishwa, nikamuuliza bei ilipatikanaje. "Huyo wa mbao alikuja, akautazama chini, akautazama juu, akataja," akaniambia. "Mwanangu, mimi ningejuaje?" Tukafunga tepu: mzingo sentimita 140, maana yake kipenyo kinakaribia sentimita 45. Urefu kama mita 20. Shina zima lina takriban mita moja na nusu ya ujazo. Ukiondoa ncha na sehemu zilizopinda, gogo la kuchana linabaki kama mita moja. Mchana mbao wa huku anatumia chenso, msumeno wa mnyororo, na kwa chenso ukipata theluthi ya gogo kuwa mbao umepata, sehemu iliyobaki inakwenda kwenye mabanzi na vumbi. Theluthi hiyo ni kama mbao 17 za inchi 1 kwa 8, futi 12 kila moja. Mzee akaniuliza 1 kwa 8 inauzwaje mjini. Kabla sijatoa simu yangu alikwisha kuzidisha kichwani, akatoa nauli na malipo ya kuchana, akasema huyo bwana akirudi watakaa chini waongee upya.

Hesabu ile ni ya muhula wa kwanza. Haihitaji shahada, lakini inahitaji mtu, na mtu huyo hayupo kwenye kata. Bwana shamba yupo, wa mifugo yupo. Ofisa misitu yuko wilayani, mmoja au wawili, ofisi ina gari moja ambalo halina mafuta, na kazi kubwa wanayojulikana nayo ni vibali. Hapo ndipo uhusiano wa mkulima na fani yetu ulipoharibika. Mkoani Kilimanjaro hata mti wa kihambani kwako unauombea kibali, na mimi siupingi utaratibu huo, maana mlima huu ungeshakuwa upara. Lakini kama sura pekee ya bwana misitu anayoijua mkulima ni ya kibali na faini, atajifunza kumkwepa. Wakulima wengi nilioongea nao wanasema wazi kwamba mche wa mringaringa ukijiotea wanaung'oa ungali mdogo, kwa sababu ukishakuwa mti mkubwa wa asili maswali yanakuwa mengi. Wanapanda mgrivea au mkaratusi. Sheria iliyokusudiwa kuulinda mti wa asili inaumaliza ukiwa mche.

Na mkaratusi nao hauna wa kuuelekeza. Ukiwa mahali pake ni mti mzuri, mirunda yake ndiyo inayoshikilia zege la kila ghorofa linalojengwa Arusha. Ukipandwa juu ya mfongo, mfereji wetu wa jadi wa kumwagilia, au kwenye chanzo cha maji, unawanyima wa chini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, lakini sheria haitembei na kamba ikapime.

Huwa nawakumbusha wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kisa cha vidukari wa misaiprasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mdudu yule, mdogo kuliko punje ya mtama, aliingia nchini, na misaiprasi ikaanza kukauka ikiwa imesimama. Si mashambani tu. Nyua za misaiprasi zilizozunguka nyumba, shule na makanisa huku kwetu zilibadilika rangi kuwa kahawia. Wazee wanaokumbuka watakuonyesha ua ulipokuwa. Aina moja ikitawala kila mahali, mdudu mmoja anatosha. Kihamba chenye aina nyingi hakipati pigo la namna hiyo kwa siku moja, na hilo ni somo ambalo mwanafunzi analiona mara moja akisimama humo, kuliko kulisoma kwenye slaidi akiwa Morogoro.

Kuna historia pia ambayo ingepaswa kufundishwa mapema zaidi. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kuzunguka upande wa chini wa msitu wa Kilimanjaro, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani bila kuingia msitu wa juu. Halmashauri ya Wachagga ndiyo iliyouendesha, ikapanda miti. Baadaye ukahamia mikono mingine, na mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Naelewa sababu: uvunaji haramu ulikuwa umezidi, na maji ya mito yetu hutoka zaidi kwenye ukanda wa msitu kuliko kwenye theluji ya Kibo. Lakini kuni ambazo mama wa Mbokomu alizitafuta kwenye nusu maili, na majani ya ng'ombe wake wa zizini, lazima yatoke mahali. Yanatoka kihambani. Mzigo uliokuwa wa msitu umehamia huko, wakati wataalamu tumebaki juu.

Nimetaja Mbokomu, siwezi kupita bila kuusema ule mkukusu. Kwenye korongo moja juu ya vijiji vile kuna mti wenye mita 81.5, mrefu kuliko wote uliowahi kupimwa Afrika. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2016. Watoto wanaosoma shule za msingi chini yake wengi hawajui kwamba upo. Jambo hilo linaniuma.

Kwamba wananchi wakipewa nafasi wanaweza kutunza, hatuhitaji kwenda mbali kwa ushahidi. Msitu wa Duru-Haitemba kule Babati, wakati huo bado mkoa wa Arusha, ulikuwa unaelekea kufanywa hifadhi ya serikali. Vijiji vikakataa, na kufikia mwaka 1994 vikawa vinausimamia vyenyewe, kwa sheria ndogo zao na walinzi wao. Ulikuwa miongoni mwa mifano ya kwanza nchini, na mawazo ya aina hiyo yaliingia kwenye Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002. Tofautisha na kilimo cha kupokezana ndani ya mashamba ya miti ya serikali, ambapo mkulima analima viazi na maharage katikati ya miche mpaka miti ikue na kufunga kivuli, kisha anaondoka. Mfumo huo umelisha familia nyingi Magharibi mwa Kilimanjaro na Meru, siudharau. Lakini mtu ambaye mti ukikua yeye anapoteza shamba, unamtakaje aupende? Kihambani mti ukikua ni wake.

Kwa hiyo maoni yangu kwa vyuo ni haya. Kutoka Olmotonyi hadi migomba ya Waarusha si safari ya basi, ni mwendo wa miguu. Mwanafunzi wa shahada apewe kaya, si ploti ya msituni tu: apime miti yote ya kaya ile, aandike mpango wa uvunaji wa miaka 10 kwa Kiswahili ambacho mwenye shamba atakisoma, na asahihishwe na mwenye shamba kabla ya mhadhiri. Halafu apitishwe Chuo cha Viwanda vya Misitu hapa Moshi, kilichoanza mwaka 1975, aone msumeno unavyonolewa. Mnyororo wa chenso unakula karibu sentimita moja kila ukipita. Kwa ubao wa inchi moja, zaidi ya robo ya mti imegeuka vumbi. Msumeno wa utepe ulionolewa vizuri unakula kidogo sana. Huwezi kuniambia unasimamia rasilimali za misitu kama hujawahi kuona inavyopotelea chini ya meza ya kuchania.

Najua swali linalofuata, maana wazazi hulifikia haraka: nani atamlipa? Wahitimu wengi wamekaa wanasubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, nafasi chache za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, walioomba hawahesabiki. Kwa upande wangu halmashauri za ukanda wa milima zingeajiri bwana miti au bibi miti kila kata ya juu, na kungekuwa na kazi ya kumtosha. Mpaka hapo, wateja wapo. Vyama vya msingi vya kahawa vinahitaji mtu wa kupanga kivuli. Wenye mirunda wanahitaji kujua lini wapunguze machipukizi baada ya kukata, yabaki mangapi kwenye kisiki. Wanandugu wanaogawana kihamba hugombana juu ya miti kuliko ardhi yenyewe, na hakuna anayeweza kuwaambia thamani yake. Mimi hulipwa kwa kazi hizo. Si mshahara wa benki, lakini watu wananitafuta wenyewe, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba kazi ipo.

Mzazi wa mwisho kuniuliza alikuwa mama mmoja wa Uru, mwanawe ni binti, na hofu yake ni kwamba porini hakufai msichana. Nilimwambia: mama, huku kwetu anayejua kuni ipi inawaka mbichi, majani yapi ng'ombe anayakataa na mche upi umejiotea jana ni mwanamke, na mama wa aina hiyo atafunguka zaidi kwa binti aliyesoma kuliko kwa bwana misitu mwenye nyundo ya kugongea magogo. Chuo hakijafunguliwa bado. Nikamwazima binti tepu yangu, aanze na kihamba cha bibi yake: apime kila mti, na aandike jina lake la Kichagga kama bibi anavyolitamka, la Kiswahili pembeni, la kisayansi atalipata Morogoro.